Habu ya Kushoto, Njia ya Kilosa

Weka karatasi hii juu ya boneti, inama, utazame uvungu wa gari lako. Umeona nini? Kama umeona matope tu, basi unachomiliki ni matope. Mimi nikiinama naona habari. Naona sili iliyoanza kutokwa jasho la oili, bushi ya mpira iliyobaki nyembamba kama ganda la kitunguu, nipo, kile kichuchu cha kuingizia grisi, iliyozibwa na udongo tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Macho haya sikuyapata shuleni. Shule niliiacha darasa la nne, na walimu wangu hawakulia.

Naitwa Shomari, Fundi Shomari wa Mikumi. Kuanzia Kimamba mpaka Ruaha, mtu mwenye gari la kuvuta miguu yote minne akisikia mlio asioujua, alikuwa analeta kwangu. Nyumba yangu ya vyumba sita nimeijenga kwa spana, na wanangu wanne wamesoma mpaka wakaanza kunisahihisha ninavyoongea. Sasa goti la kulia limekataa kulala chini ya magari, nimestaafu kabla ya mvi kunijaa kichwani. Vijana mnapita kibarazani kuniuliza mambo yaleyale kila siku, nikaona niandike. Mke wangu anasema ninaandika kwa sababu wasikilizaji wamepungua. Msimsikilize.

La kwanza mlijue: gari lililokula kilomita laki tano si bovu, ni mzee. Na mzee humngoji aanguke ndipo umuulize hali. Vijana wengi mnabadilisha kitu kikishakufa. Mkanda wa feni umekatika, ndio unanunua mkanda. Wakati huo rejeta imechemka, silinda hedi imepinda, na wewe umekaa kando ya barabara katikati ya hifadhi, tembo wanakutazama kama wanaokuuliza kibali. Mkanda una siku zake. Ukiona nyufa ndogo upande wa ndani, utoe ungali mzima, ule wa zamani uweke nyuma ya kiti kama akiba. Watu watakucheka kwamba unatupa kitu kinachofanya kazi. Waache wacheke. Mimi nimewavuta wengi wao kwa kamba.

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu wa Kimamba, fundi aliyeanzia kwenye matrekta ya mashamba ya mkonge. Mtu mfupi, mkali, mwenye pua inayojua kuliko mashine. Siku moja mfanyabiashara alituletea gari alilotoka kununua kwa mtu, akilisifia kwamba difu yake, lile bonge la gia katikati ya ekseli, haina kelele hata kidogo. Mzee Sefu akafungua kizibo cha difu, akachovya kidole, akanusa. Akamuuliza yule bwana kwa upole kama anapenda ndizi. Tulipomwaga oili ikatoka uji. Muuzaji alikuwa ameshindilia maganda ya ndizi mle ndani ili meno yaliyoliwa yasipige kelele mpaka noti zihesabiwe. Mzee akaniambia nikumbuke kwamba gari lenye kelele linakusaidia, la kuogopa ni lililonyamazishwa.

Alikuwa na desturi yake, na mimi nikaifanya yangu. Gari lolote tulilofungua magurudumu, fundi aliyefunga lazima naye apande safari ya kwanza. Hakuna kumkabidhi mtu funguo na kumtakia heri. Na kila baada ya mwendo kidogo mnasimama, fundi anashuka, anazunguka gari akigusa habu moja moja kwa mgongo wa mkono. Habu ndicho kitovu cha gurudumu, ndani yake kuna beringi, zile pete za vyuma vinavyoviringika. Ikiwa vuguvugu, mwende. Ikikuunguza, mkae. Mgongo wa mkono, narudia, si kiganja, maana kiganja cha fundi kimeshakufa, hakisikii kitu. Na kwa kuwa magari yale yalikuwa makubwa kwetu kwa umri, Mzee Sefu alitulazimisha kila habu tuiamkie. Shikamoo ya mbele kushoto, shikamoo ya mbele kulia. Aliyepita bila kuamkia alirudishwa. Tuliona ni wazimu wa mzee. Baadaye nikaelewa: ukisema shikamoo mkono unatulia pale muda wa kutosha kulisikia joto.

Haya, sasa niwape kazi yangu kubwa ya mwisho, ambayo wengi mmeisikia nusu.

Mama Kabula ni Msukuma wa Malolo. Wazazi wake walikuja na ng'ombe, wakakuta maji, wakabaki. Mimi ni Msagara, kwa hiyo yule ni mtani wangu, na utani wetu hauna likizo. Aliuza ng'ombe kumi na mbili akanunua mkonga, lile gari refu la pua ya kuvutia hewa iliyopanda juu kando ya kioo, na akaliendesha mwenyewe. Kwa miaka alibeba vitunguu, wagonjwa, maharusi, mbuzi, wachungaji wa kanisa. Saa ya kilomita ilisimama zamani kwenye namba ambayo hata ingekuwa ya kweli ingetisha. Mumewe hakuwahi kuwasamehe wale ng'ombe kumi na mbili. Kila gari lilipolala njiani, alihesabu wangekuwa wamezaa wangapi.

Mwaka ule kabla ya masika ikatoka kazi: mradi wa chanjo ulitaka gari la kufika vijiji ambavyo mvua ikinyesha vinakuwa visiwa. Ukaguzi Kilosa, siku ya Jumatatu. Mama Kabula akaja kwangu Jumatano, akazima injini, haikuzimika mara moja, ikatikisika kama kuku aliyechinjwa. Akaniambia hali ilivyo. Mumewe ameshazungumza na mnunuzi wa chuma chakavu. Gari likipata kazi, linaishi. Likikataliwa Kilosa, linakatwa kwa gesi, linapimwa kwenye mizani, linarudi kuwa ng'ombe. Alisema hayo bila utani wowote, ndipo nikajua ni mazito.

Nikalala chini ya lile gari siku nne. Najisifu, na nitajisifu, kwa sababu ile kazi ilikuwa nzuri. Krosi za propela, vile viungo vya shafti ndefu ya chini, nilibadilisha zote, maana ukibadilisha moja zile kuukuu zinaicheka mpaka ife. Bushi za springi zilikuwa zimeisha, mtu fulani alishafunga vipande vya tyubu ya baiskeli badala yake. Nikaweka mpya, nikakaza bolti zake gari likiwa chini limesimama kwa miguu yake, si likiwa juu ya jeki. Likikazwa likiwa limening'inia, ukilishusha tu bushi inajikunja na kuanza kuchanika siku hiyohiyo. Mafundi wangapi wanalijua hilo? Hozi za rejeta nilizibinya moja moja. Laini kama ulimi wa ng'ombe, toa. Ngumu kama kuni, toa. Oili ya difu zote mbili, ya giaboksi, ya giaboksi ndogo ile ya four-wheel ambayo watu huisahau mpaka kiama. Maji ya breki yalikuwa meusi kama kahawa, nikayamwaga. Kila spea ya zamani niliyotoa nilimkabidhi Mama Kabula mkononi, aishike, aone ilivyoliwa. Mwenye gari asipoona kilichotoka, atadhani umemuuzia hadithi.

Beringi za mbele nikaziacha siku ya mwisho, Jumapili. Beringi mpya unaipaka grisi kwa kiganja, unaisukumizia mpaka itokeze upande wa pili, usiipake juujuu kama siagi kwenye mkate. Halafu kuna nati ya kukazia. Hapo ndipo fundi anatofautiana na mpiga spana. Unakaza huku gurudumu likizunguka, mpaka libane, ili vyuma vikae mahali pake. Kisha unalegeza. Kisha unarudisha kwa vidole tu. Ikilegea mno, gurudumu linacheza. Ikibana mno, beringi inakosa pumzi, inapata moto, inajila yenyewe.

Upande wa kulia nilifanya hivyo, taratibu, kwa sababu hakukuwa na watu. Nilipofika kushoto, misa ilikuwa imetoka. Vijiwe vyote vikahamia gerejini: madereva wa bodaboda, mwalimu mstaafu, mama wa chakula na masufuria yake. Nikawaanzishia kisa cha lile gari la watalii nililolitoa matopeni kwa jeki moja na magogo mawili. Mkono unakaza, mdomo unasimulia. Walicheka sana. Mama Kabula akasema vile nilivyo na maneno, labda ndiyo yanayovuta gari na si injini. Nami, kwa kuwa watu walikuwa wengi, nikaapa mbele yao kwamba spana haitaligusa gari lile mpaka Kilosa.

"Na ikigusa?" akauliza.

Nikamwambia achague adhabu.

"Utaniamkia. Hadharani. Shikamoo kamili, na mikono nyuma."

Mimi nimemzidi yule mama miaka kumi na mitano. Kwetu huku, mtu wa umri wangu kumwamkia mtu wa umri wake ni kama kutembea bila suruali. Nikakubali, nikimcheka.

Jumatatu alfajiri tukaondoka Mikumi, yeye kwenye usukani, mimi pembeni na mkoba wangu wa spana. Gari lilikuwa tamu, vijana. Lilikuwa halitetemeki. Kwenye makorongo ambako zamani lilikuwa linagonga kama sanduku la vyombo, sasa lilishuka na kupanda kimya. Mama Kabula akaacha hata kunitania, akawa anaendesha huku anatabasamu peke yake. Tukafika Ulaya, ile Ulaya yetu ya njia ya Kilosa ambayo haihitaji pasi ya kusafiria, nikasema tusimame kidogo niwaamkie wazee.

Nyuma kulia, vuguvugu. Nyuma kushoto, vuguvugu. Mbele kulia, vuguvugu. Mbele kushoto nilipoweka mkono nikauondoa kabla sijamaliza neno.

Nikasimama pale. Wachuuzi wa machungwa wanatutazama. Nikafikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Kilosa haikuwa mbali sana tena. Ningeweza kusema zote nzuri, tukaenda polepole, tukafika, na labda ingeshikilia mpaka ukaguzi upite. Labda. Na Mama Kabula akiwa peke yake Malolo na manesi ndani, gurudumu lile lingefanya nini? Nikamtazama kupitia dirisha. Alikuwa anajifuta vumbi usoni kwa kanga ili awe safi mbele ya mkaguzi.

Nikaenda kufungua mkoba. Aliposikia spana zinagongana akashuka.

"Mtani," akasema polepole, "hiyo si sauti ya spana?"

Nikamwambia ni spana. Nikamwambia habu ya kushoto ina moto, na kosa si la gari wala la beringi, ni langu, nilikaza huku nasimulia, nikasahau kulegeza. Nilitegemea kicheko. Hakucheka. Aliuliza tu kama ukaguzi tutauwahi. Nikamjibu kwamba nikinyamaza, tutauwahi.

Nikakaa chini vumbini na goti langu, tairi limelazwa kando. Sikusema neno. Nikafungua, nikatoa beringi, nikaifuta, nikaipeleka juani. Ilikuwa imeanza kubadilika rangi ukingoni, kidogo sana, lakini nikasema hapana. Nilikuwa nimebeba ya akiba, maana hilo nalo ni somo: ukibadilisha mbili, nunua tatu. Nikapaka grisi, nikakaza huku nikizungusha, nikalegeza, nikarudisha kwa vidole. Nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa: kimya. Nikalisukuma kwa kidole kimoja: likazunguka lenyewe mpaka likachoka. Nikafunga.

Nilipoinuka, Mama Kabula alikuwa amesimama mbele ya wale wachuuzi wa machungwa, ameshika kiuno, hofu imemtoka usoni. Mtani hasahau deni la namna hii. Nikaweka mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekua."

Wachuuzi wale wakaangua kicheko ambacho naamini kilisikika mpaka kituo cha treni. Mmoja alitupatia machungwa manne bure.

Kilosa tukamkuta mkaguzi ni binti, umri wa mwanangu wa pili, buti miguuni, tochi kichwani. Akaniamkia vizuri, kisha akalala chini ya gari bila kutandika kitu, na hapo nikamheshimu. Alitikisa kila kitu. Alikuwa na kibunduki kidogo cha kupimia joto. Akawa anakielekeza kwenye habu, kinampa namba. Nikamwomba nikiangalie. Nimesikia mafundi wa rika langu wakitukana hivi vyombo. Mimi sivitukani. Ule ni mgongo wa mkono wa Mzee Sefu, wametia betri tu.

Alipofika mbele kushoto akainama, akagusa grisi mbichi kwenye vumbi.

"Baba, hii imefunguliwa leo?"

Mama Kabula akatazama chini. Mimi nikamweleza yote kama yalivyokuwa, mpaka kile kisa cha watalii nilichokuwa nasimulia. Yule binti akanisikiliza, akapanda gari, akaliendesha mwenyewe kuelekea mtoni na kurudi, tukabaki tumesimama kama wazazi nje ya wodi. Aliporudi akapima tena zote nne. Zililingana. Akaandika. Akasema magari matano aliyoyakataa wiki iliyotangulia, mafundi walioyaleta wote walimwambia hawajafungua kitu. Akakata karatasi, akampa Mama Kabula.

Mama Kabula aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kifuani. Kisha akampigia simu mumewe. Sikusikia alichosema mume, ila yeye alisema amwambie mnunuzi wa chuma akatafute baiskeli.

Sasa tazama mambo. Kazi ilianza palepale. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, na wakubwa wa mradi hawakutaka njia ijifunge. Nyuma yakapakiwa maboksi, nesi mmoja akakaa katikati yake, mwingine akakaa mbele, kwenye kiti changu, amepakata sanduku la barafu. Safari yenyewe ya Malolo, na kwenda Malolo ni lazima upite Mikumi, mbele ya gereji yangu, karibu na mlango wangu. Nikamkumbusha Mama Kabula kwamba aliyefunga ndiye anayepanda.

"Mtani," akasema, mkono kwenye gia, "umelitengeneza mno. Limepata kazi, wewe umekosa kiti."

Wakaondoka. Nilibaki Kilosa na mkoba wa spana na chungwa moja.

Nikapata lifti kwenye lori la mahindi, mimi na dereva tu, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, asiyeongea. Basi nikaongea mimi. Nikampa kazi yote: krosi, bushi, hozi, maji meusi ya breki, mkaguzi na kibunduki chake, karatasi ikikatwa. Nikamwambia gari lile lingeweza kwenda Kilosa na kurudi mara kumi bila spana kuligusa. Alitikisa kichwa kwa adabu kila mahali panapostahili. Mvua ikaanza. Tulipovuka Ulaya, wachuuzi wakiwa wamejificha barazani, akasema bila kugeuka:

"Asubuhi nilipita hapa. Kuna mtu alikuwa amekaa chini, tairi limelala pembeni, halafu akamwamkia mwanamke. Alikuwa na mkoba kama wako."

Nikatazama vifuta mvua vikienda na kurudi. Kisha nikacheka, naye akacheka, mpaka akapunguza mwendo. Nikamwelezea upya, safari hii na habu ikiwemo, ule mdomo uliokuwa unasimulia, beringi iliyoanza kubadilika rangi. Niliposema krosi na hozi alikuwa ananisikiliza kwa adabu. Niliposema nilisahau kulegeza, alizima redio.

Baada ya kilomita moja hivi akaniuliza, "Sasa hiyo nati, ukishalegeza, unairudisha kiasi gani? Maana hili lori mbele kulia linanisumbua."

Nikamwambia asimamishe. Tukashuka mvuani wote wawili.